Jina Lako Katika Daftari la Wakopaji

Kila msimu wa uchumaji unapokaribia, wanachama huulizana ni kwa sababu gani mtu mwenye shamba zuri na mikarafuu iliyojaa huenda benki kuomba fedha za kulipa wachumaji akarudi mikono mitupu, na jirani yake mwenye mikarafuu michache ya kizee akapewa alichoomba. Wengine husema ni kujuana, wengine husema ni bahati. Jawabu aghalabu limo katika daftari ambalo wengi wetu hatujapata kuliona hata mara moja, ingawa majina yetu yameandikwa humo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui lolote katika mambo haya mpaka nilipoletewa habari kutoka Nyangoto.

Nyangoto ni kijiji cha wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, katika sehemu inayojulikana zaidi kwa jina la Nyamongo, kando ya mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi mwaka 2002. Mto Mara unapita karibu, na ng'ambo yake ni wilaya ya Serengeti. Ni nchi ya Wakurya, watu wa ng'ombe na mahindi, lakini dhahabu imewaleta watu wa kila kabila, na miongoni mwao yumo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeondoka Pemba akiwa kijana na sasa ana duka la kanga, vitenge na vyombo vya nyumbani. (Karafuu hauzi, nasema mapema asije mtu akanong'ona.)

Ujumbe wake ulikuja kwenye simu, mrefu kama barua za zamani. "Shikamoo mjomba," aliandika, "nataka shauri lako, maana mimi nimeambiwa kwamba jina langu limechafuka na sijui limechafuliwa na nani." Alikuwa amekwenda benki mjini Tarime kuomba shilingi 3,000,000 za kuongeza mali dukani. Hesabu zake zilikuwa safi, leseni ya biashara anayo, na mdhamini alikuwa tayari. Bwana wa mikopo akaandika jina lake na nambari ya kitambulisho chake katika mashine, akatazama, akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba ana madeni mawili ya simu ambayo hakuyalipa, na kwamba benki haiwezi kumkopesha.

Deni la kwanza lilikuwa la shilingi 40,000. Hilo kijana alikumbuka kulichukua na alikumbuka vile vile kulilipa pamoja na ada yake. La pili lilikuwa shilingi 6,300, na hilo hakulikumbuka hata kidogo.

Alipotoka nje, akiwa bado hajapata hata kikombe cha chai, alikutana na mtu. Sijui watu hawa huambiwa na nani, lakini wapo karibu na kila mlango wa benki, na siku hizi wapo pia katika simu, wakijitangaza kwa picha za wanawake wanaocheka. "Mura, umekataliwa?" akamwuliza. Akamwambia kwamba yeye anao watu Dar es Salaam wanaoingia ndani ya mashine na kufuta majina, na kwamba kazi yote ni shilingi 150,000, yaani 30,000 mbele na zilizobaki jina likiisha kutakata. Mpwa wangu akatoa zile 30,000. Ndipo usiku alipokosa usingizi akaniandikia mimi.

Nami sikuwa na shauri la kumpa. Nilimwambia asitoe senti nyingine mpaka nimeuliza, nikaenda kuuliza. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata, nami nayaleta hapa kwa kuwa sheria ile ile inayomhusu yeye huko bara ndiyo inayotuhusu sisi kisiwani, maana Benki Kuu ni moja.

Daftari lenyewe ni hivi. Mwaka 2012 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni juu ya taarifa za wakopaji. Kwa kanuni hizo mabenki hupeleka katika hazina moja ya Benki Kuu habari za kila mkopo: nani amekopa, kiasi gani, lini alipe, na kama alilipa kwa wakati. Kisha ziko kampuni zenye leseni ambazo kazi yao ni kukusanya habari hizo, kuzipanga na kuwapa wakopeshaji wanaotaka kumjua mtu kabla ya kumpa fedha. Mwaka 2013 kampuni mbili zilipata leseni ya kazi hiyo, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Hazikopeshi wala hazidai. Zinaandika tu kile walicholetewa na wakopeshaji, na hapo ndipo penye jambo la kuangaliwa, kwa sababu mwandishi huandika alichoambiwa, na aliyemwambia huenda akakosea.

Yafaa tujue pia kwamba daftari hili haliandiki mabaya peke yake. Mtu aliyekopa mara tatu akalipa mara tatu kwa siku yake huandikwa hivyo hivyo, na kwa mtu asiye na hati ya shamba wala nyumba ya mawe, sifa hiyo ndiyo rehani yake. Wazee wetu walikuwa na neno la jambo hili. Katika siku za misafara ya bara, mfanyabiashara aliyeaminika alipewa bidhaa za thamani kubwa bila ya kuweka kitu, akaenda nazo hata Tabora na Ujiji, akarudi baada ya miezi mingi na kulipa. Waliita mali kauli. Tofauti ni kwamba kauli ya zamani ilikaa katika vichwa vya watu waliokujua wewe na baba yako, na kauli ya leo imekaa katika mashine isiyomjua mtu isipokuwa kwa nambari.

Sisi wakulima wa karafuu tunayo sababu yetu ya kuliogopa daftari la mtu mwingine. Mashamba mangapi Unguja na Pemba yaliwekwa rehani kabla ya vita vya pili vya dunia, kwa madeni ambayo mwenye shamba hakuweza kuyahesabu! Mkopeshaji aliandika kwa Kigujarati katika kitabu chake, mkulima akatia dole gumba, na mwisho wa msimu akaambiwa kwamba deni limezidi badala ya kupungua. Sisemi kwamba wakopeshaji wote walikuwa wadhalimu, kwani wako waliosubiri miaka na miaka bila ya kumtoa mtu shambani. Lakini mkulima hakuwa na nakala yake, na asiye na nakala hana la kujibu. Mambo yalifika hadi Serikali ya wakati ule ikatoa sheria mwaka 1934 za kuzuia mashamba yasitoke mikononi mwa Waarabu na Waafrika kwa sababu ya deni, ikasimamisha madai kwa muda, na mwaka 1938 ikaleta sheria nyingine ya kuyasuluhisha madeni hayo. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha siku hizo, kilichoanzishwa mwaka 1927, kiliingia katikati ya mambo hayo yote. Wazee waliyasimulia mpaka sisi tukachoka kuyasikia, na sasa nayakumbuka.

Tofauti kubwa ya leo ni hii: mtu ana haki ya kuliona daftari. Anaweza kwenda kwa kampuni ya taarifa za mikopo, akaonyesha kitambulisho chake, akaomba ripoti yake mwenyewe. Akiona jambo lisilo kweli ana haki ya kulipinga, na kampuni inapaswa kulichunguza pamoja na mkopeshaji aliyelileta, na likionekana ni kosa lisahihishwe. Zaidi ya hayo iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, nayo inampa mtu haki ya kutaka habari zake zilizoandikwa vibaya zirekebishwe, awe ameziandika nani.

Makosa yenyewe hutokea vipi? Aghalabu si kwa hila. Mkopeshaji anapokea malipo lakini hapeleki habari kwamba deni limekwisha. Au karani anakosea tarakimu moja ya kitambulisho. Au majina yanagongana, na hili latuhusu sana sisi, maana katika shehia moja ya Pemba unaweza kuwapata watu wanne wote ni Ali Khamis Ali, wawili kati yao wamezaliwa mwaka mmoja. Wala tusidhani kwamba ni udhaifu wa nchi changa. Huko Marekani, ambako kazi hii ni ya zamani na ina sheria yake tangu mwaka 1970, tume ya serikali inayosimamia biashara ilichunguza ripoti za watu na kutangaza mwaka 2013 kwamba mtu mmoja katika kila watano alikutwa na kosa katika ripoti yake mojawapo, na kwamba watu 5 katika kila 100 walikuwa na makosa makubwa kiasi cha kuwafanya walipe zaidi wanapokopa.

Basi nikamwambia mpwa wangu aombe ripoti yake. Aliiomba, akaipata, akanipigia simu tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari, yeye Nyangoto na mimi barazani kwangu.

Lile deni la shilingi 40,000 lilikuwa kosa. Alikuwa amelilipa siku mbili kabla ya wakati wake, na ujumbe wa simu wa kupokea malipo alikuwa nao bado, wenye tarehe na nambari ya muamala. Hapa nataka kumsifu kwa jambo moja: hafuti ujumbe wa fedha. Wengi wetu hufuta kila kitu simu inapojaa, tukaacha picha za harusi tukafuta risiti.

Lile la shilingi 6,300 lilikuwa kweli. Alipofika Nyangoto mara ya kwanza alikuwa na laini nyingine ya simu, akaitumia siku moja kulipa kitu hali salio halitoshi, na kampuni ikamjazia kilichopungua kama mkopo. Kisha akaitupa laini ile. Alidhani deni limetupwa nayo. Wengi hudhani hivyo, lakini laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na zile zisizosajiliwa zilianza kufungwa tarehe 20 Januari, 2020. Deni halikai katika laini. Linamfuata mwenye kidole.

Hapa ndipo nilipofahamu uongo wa yule mtu wa mlangoni. Katika madeni mawili yale, la kwanza lilikuwa kosa, na kosa lasahihishwa kwa malalamiko na risiti, bila ya kumlipa mtu wa kati. La pili lilikuwa kweli, na neno la kweli hakuna awezaye kulifuta kwa kulipwa: linalipwa deni lenyewe, kisha linaandikwa kwamba limelipwa. Sasa yule angeuza nini kwa shilingi 150,000? Ama angefanya kazi ambayo mwenye jina angeifanya mwenyewe kwa barua moja, ama asingefanya lolote.

Na liko la tatu, baya kupita hayo mawili. Pamoja na zile 30,000 mtu yule alikuwa ametaka nambari ya kitambulisho cha mpwa wangu, picha ya kitambulisho pande zote mbili, na akamwomba aweke kidole katika kifaa chake "ili wakubwa wamtambue." Namshukuru Mungu kwamba kifaa siku ile hakikuwa na chaji. Mwenye kitambulisho chako na kidole chako aweza kusajili laini kwa jina lako na kukopa kwa laini hiyo, ukawa umelipa fedha kusafishwa jina na ukatoka na madeni mapya usiyoyajua.

Wamarekani wameishi na watu wa namna hii kwa miaka mingi, na mwaka 1996 waliwatungia sheria yao peke yao. Kwa sheria hiyo, anayejidai kutengeneza jina la mkopaji haruhusiwi kupokea hata senti kabla kazi haijakamilika. Lazima aandike mkataba, na mteja ana siku tatu za kazi za kuuvunja bila ya kutozwa. Ukiipima biashara ya yule bwana wa Tarime kwa mizani hiyo, ilikwisha kuharibika pale pale alipotaka 30,000 mbele.

Jirani zetu wa Kenya wana habari nyingine ya kutufaa, na mpwa wangu huisikia kila aendapo Sirari mpakani kununua vyombo. Huko mikopo ya simu ilienea mapema, na watu wengi mno waliandikwa kuwa wabaya kwa deni la shilingi mia chache. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa wasipeleke majina kwa kampuni za taarifa, na ikaamuru kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 za huko lisimfanye mtu aandikwe. Kisha Novemba 2022 ikatangaza mpango wa kuwatengenezea majina watu wenye mikopo midogo ya simu ya mabenki. Mabenki yalitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni, na mkopaji alipe iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023. Watu zaidi ya 4,200,000 walihesabiwa kuwa wangefaidika, na madeni yao yalikuwa karibu shilingi bilioni 30 za Kenya. Angalieni: kazi ile ile waliyokuwa wakiiuza vijana wa mitaani kwa fedha, Benki Kuu iliifanya bila ya kumtoza mtu ada.

Kwetu hapajakuwa na msamaha wa namna hiyo, lakini hatukuachwa bila ya ulinzi. Mwaka 2019 zilitolewa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Mwenye kinyongo huanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, akibaki na nakala. Asiporidhika na jibu, au asipopata jibu, hupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina matawi, lake la Zanzibar kwa ajili yetu na la Mwanza kwa watu wa Ziwa. Na kwa wale wanaokopa kwa programu za simu, mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa simu wamekuwa na tabia ya kuwatumia ujumbe jamaa na marafiki wa mkopaji ili kumwaibisha. Huyo ni ndugu wa yule wa mikopo iitwayo kausha damu, anayeshika kadi ya benki ya mwalimu mpaka mshahara utoke. Nyangoto wako, na nasikitika kusema kwamba Wete na Chake wako pia.

Mwanachama mmoja niliyemsomea habari hizi kabla ya kuziandika aliniambia, "Mimi sijapata kukopa benki hata siku moja, hili halinihusu." Nikamwuliza kama amepata kumdhamini mtu. Akanyamaza. Nikamwuliza kama amepata kumwazima kijana kitambulisho chake asajili laini. Akaniambia nimalize chai yangu.

Sasa nieleze mambo ya mpwa wangu yalivyokwenda. Kwanza alilipa zile 6,300, na vilivyoongezeka juu yake, kwa kampuni yenyewe na si kwa wakala wa njiani, akataka risiti. Kisha akaandika barua kwa mkopeshaji wa lile deni la 40,000. Barua yenyewe ilikuwa fupi: jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe aliyokopa, tarehe aliyolipa, nambari ya muamala, na sentensi moja ya kutaka habari iliyopelekwa isahihishwe. Nakala akaipeleka kwa kampuni ya taarifa iliyotoa ripoti. Nilimsisitiza asiandike matusi, ingawa alikuwa nayo tayari, mengine ya Kipemba na mengine aliyojifunza huko huko kwa Wakurya.

Jibu la kwanza lilimtaka asubiri. Akasubiri, akaandika tena, safari hii akitaja kwamba asipojibiwa atapeleka nakala tawi la Benki Kuu Mwanza. Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi kidogo. Alipoomba ripoti nyingine, deni la 40,000 lilikuwa limeandikwa kuwa lilikwisha kulipwa kwa wakati wake. Lile la 6,300 limo bado, na itabidi likae, lakini sasa limeandikwa kwamba limelipwa, na bwana wa mikopo amemwambia kwamba kati ya deni lililochelewa na deni lililokimbiwa pana tofauti kubwa machoni pa benki.

Zile shilingi 30,000 hazikurudi. Yule mtu hapokei simu tena, na mlangoni amehama, ati yuko upande wa Mugumu. Mpwa wangu ameomba mkopo upya, na safari hii ameomba 2,000,000 badala ya 3,000,000, kwa kuwa msimu wa kanga umekwisha nusu. Ameambiwa arudi Jumatatu.